Maji taka ya jirani: nusu karne ya kuinusuru Bahari ya Baltiki

Tarehe 22 Machi 1974, mjini Helsinki, nchi saba zilitia saini mkataba wa kulinda bahari moja. Walioshika kalamu ndio walioipa siku hiyo uzito. Umoja wa Kisovieti na Poland walikuwa wa kambi ya Mashariki. Denmark na Ujerumani Magharibi walikuwa wanachama wa NATO. Sweden na Finland hawakufungamana na upande wowote. Na Ujerumani Mashariki ndiyo kwanza ilikuwa na miezi sita ndani ya Umoja wa Mataifa. Wajerumani waliotenganishwa kwa ukuta na walinzi wenye bunduki walikuwa wamekubaliana, angalau kwenye karatasi, juu ya maji machafu.

Hawakuwa na ujanja. Baltiki haina kina kirefu, wastani wake ni kama mita 55 tu, na maji yake ni ya chumvi hafifu. Mlango wake wa kutokea baharini ni mikondo myembamba ya Denmark, kwa hiyo maji yake huchukua takriban miaka 30 kubadilika. Ardhi inayomimina mito yake humo ni kubwa mara nne ya bahari yenyewe, na inakaliwa na watu wapatao milioni 85. Kinachoingia humo hakiondoki upesi.

Tena uchafu unaoisumbua zaidi si sumu, ni chakula. Naitrojeni na fosforasi kutoka vyooni, kwenye sabuni za kufulia, kwenye samadi na mbolea za dukani huilisha mwani kama zinavyolisha mahindi. Mwani hushamiri, hufa, huzama, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni ya chini. Samaki aliye kule hukimbia au hufa. Msomaji wa Mwanza au Kisumu aliyeona gugumaji likiziba Ziwa Victoria miaka ya 1990 hahitaji kuelezwa zaidi: chakula kilichozidi majini kina namna yake ya kujionyesha.

Mkataba ulianza kutumika Mei 1980, na ulikuwa na matobo. Haukugusa maji yaliyo ndani ya mipaka ya nchi, kwa sababu Mashariki hawakutaka mgeni achungulie mito na bandari zao. Tume iliyoundwa kuusimamia, HELCOM, haiamui jambo mpaka wote wakubali, na mapendekezo yake hayamfungi mtu kisheria. Hata hivyo wanaoubeza mkataba ule nadhani wanakosea. Ulizoesha wanasayansi wa kambi mbili kukutana na kupima bahari kwa njia moja, na bila vipimo hivyo kila nchi ingeendelea kumnyooshea jirani kidole.

Kilichowaamsha wanasiasa hakikutoka kwenye vikao. Oktoba 1986, wavuvi wa Gilleleje, kaskazini mwa Denmark, walivuta nyavu zilizojaa kambakoche wadogo waliokufa kwa kukosa hewa katika maji ya Kattegat. Picha zikaonyeshwa kwenye televisheni. Miezi michache baadaye, mwaka 1987, bunge la Denmark lilipitisha mpango wa kupunguza naitrojeni kwa nusu na fosforasi kwa asilimia 80. Mwaka 1988 mawaziri wa nchi zote za Baltiki wakaahidi pamoja kupunguza virutubisho kwa asilimia 50 ifikapo 1995.

1995 ikafika, ahadi haikutimia. Pale palipokuwa na nafuu, sehemu kubwa haikutokana na ahadi. Kambi ya Mashariki ilikuwa imeanguka, mashamba ya serikali yakafilisika, na mkulima asiye na fedha hanunui mbolea. Ufukara ulifanya kile ambacho mawaziri walishindwa.

Kuanguka huko kulifungua mlango mwingine. Mkataba mpya wa 1992 uliingiza Estonia, Latvia na Lithuania, ukagusa na maji ya ndani, na ukaja na orodha ya maeneo 132 yaliyochafua kupita kiasi. Kwenye orodha hiyo Saint Petersburg ilikuwa mzigo wa peke yake. Mji huo wa mamilioni ya watu haukuwa na mtambo wowote mkubwa wa kusafisha maji taka hadi 1978, na hata baada ya hapo sehemu kubwa ya uchafu iliendelea kwenda moja kwa moja kwenye mto Neva na Ghuba ya Finland. Mtambo wa Kusini-Magharibi ulianza kujengwa 1986, fedha zikaisha, ukabaki gofu la saruji miaka mingi.

Ulimaliziwa kwa fedha za Urusi pamoja na mikopo na misaada ya Finland, Sweden na mabenki ya maendeleo ya Ulaya. Septemba 2005 Rais Vladimir Putin, Rais Tarja Halonen wa Finland na Waziri Mkuu Göran Persson wa Sweden walikwenda kuufungua. Kwa nini Mfini alipie choo cha Mrusi? Kwa hesabu. Mitambo ya Finland ilikuwa tayari inasafisha vizuri, na kuondoa kilo moja zaidi nyumbani kulikuwa ghali; kwenye Neva kilo hiyohiyo iliondolewa kwa bei ndogo, na bahari ni moja.

Kilichofuata ni kazi isiyo na utepe wa kukata. Wakfu wa Kifini uitwao John Nurminen ulishirikiana na shirika la maji la mji huo kuweka mifumo ya kudondoshea chumvi ya chuma kwenye maji taka. Chumvi hiyo hushikana na fosforasi na kuwa chembechembe zinazozama kwenye tope, kisha tope hutolewa. Kufikia 2011 mitambo mikubwa ya mji ilikuwa ikifikia kiwango cha HELCOM cha miligramu 0.5 za fosforasi kwa lita. Kiwango cha Umoja wa Ulaya kwa miji mikubwa kilikuwa miligramu 1.

Kisha 2012 ikaja aibu ya mto Luga wa Urusi. Vipimo vilionyesha fosforasi nyingi mno ikitoka eneo la kiwanda cha mbolea karibu na mji wa Kingisepp, mzigo ambao haukuwemo kwenye takwimu zilizokuwa zikijadiliwa na HELCOM. Baada ya kelele nyingi kiwanda kiliweka mtambo wa kusafisha maji yake. Mtu na chupa yake ya sampuli walikuwa wameona kilichozipita ripoti.

Mpango mkubwa wa HELCOM uliopitishwa Krakow mwaka 2007 ulilenga bahari yenye afya ifikapo 2021. Kila nchi ikapewa fungu lake la kupunguza virutubisho. Lengo halikufikiwa; mpango ukahuishwa Lübeck Oktoba 2021 na lengo likasogezwa hadi 2030. Ugumu uliobaki uko mashambani. Bomba la maji taka lina mdomo, unaweza kuuziba; shamba halina. Samadi ya nguruwe wa Denmark na mbolea ya ngano ya Poland hupenya ardhini na kufuata mvua, na wakulima wana kura. Zaidi ya hapo, chini ya bahari kumelala fosforasi ya miongo iliyopita, na oksijeni ikikosekana hutoka kwenye tope na kulisha mwani upya. Samaki nao hawakusalimika: Julai 2019 Umoja wa Ulaya ulilazimika kupiga marufuku uvuvi wa chewa mashariki mwa Baltiki.

Tangu 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wanachama wengine wa HELCOM wamesimamisha vikao rasmi pamoja nayo na kukutana katika mashauriano yasiyo rasmi. Malengo ya 2030 bado yana fungu la Urusi ndani yake, na Neva ndio mto unaomimina maji mengi kuliko mingine yote katika Baltiki.