Mkunjo wa Kifua cha Gauni Magharibi ya Ziwa Victoria

Katika eneo la magharibi ya Ziwa Victoria, mavazi ya zamani hayakukatwa kufuata mwili, kwani magome ya miti ya jamii ya mtini yaliyopondwa, na baadaye kaniki na merikani, yalizungushwa na kufungwa tu. Hata gomesi ya Uganda, inayohusishwa na fundi Mgoa Caetano Gomes, hubanwa kwa mshipi. Gauni la kubana, lililoenea pamoja na cherehani, ndilo lililodai mkunjo, yaani pembetatu ya kitambaa inayoshonewa ndani ili kipande bapa kipate umbo la kifua. Kitenge, ambacho kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kilikuwa miongoni mwa wachapaji wake, hakivutiki, hivyo mkunjo kwa kawaida huhitajika, ingawa ukipita juu ya ua kubwa huliharibu. Kwa hiyo, ili kuuhamisha mkunjo, fundi huchana karatasi ya kukatia kutoka begani hadi ncha ya titi, akafumba mkunjo wa ubavuni, na pembe ileile ikafunguka begani bila kupungua. Kazi hiyo, ambayo mteja huisifu pasipo kuiona, ndiyo kipimo halisi cha fundi.