Khedive Ismail: Wapiga mizinga wetu waliozamishwa na nyambizi I-27

Tarehe 12 Februari hupita Nairobi kimyakimya mwaka baada ya mwaka. Ndiyo siku ambayo, mwaka wa 1944, nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli SS Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldives, wakafa watu 1,297. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Miaka 80 ya msiba huo ilitimia 2024, na bado ukimtajia kijana wa Kangemi au Kawangware jina la meli hiyo, huenda akakutazama tu. Hana lawama, kwa kuwa hakuna aliyemsimulia.

Vita vya nyambizi tumezoea kuvisikia kama habari ya Wajerumani katika Atlantiki. Lakini Bahari Hindi nayo ilikuwa na wawindaji wake. Wajapani waliweka kituo Penang, katika Malaysia ya leo, na kuanzia 1943 nyambizi za Kijerumani zikawa zinatia nanga hapo hapo. Agosti 1944 nyambizi ya Kijerumani U-198 iliizamisha meli ya mizigo Empire Day mashariki mwa pwani ya Tanganyika, kisha siku chache baadaye ikazamishwa yenyewe karibu na Ushelisheli.

I-27 iliundwa katika kiwanda cha jeshi la majini cha Sasebo na ikaanza kazi Februari 1942. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 109, ilhali nyambizi ya Kijerumani ya aina iliyotumika zaidi ilikuwa na mita 67 tu. Juu ya maji ilikwenda zaidi ya kilomita 40 kwa saa, na mafuta yake yalitosha safari ya kilomita 26,000 hivi bila kujaza tena. Mbele ilikuwa na midomo sita ya kurushia topido, ndani ikabeba topido 17, na kwenye sitaha palijengwa banda la ndege ndogo ya upelelezi. Mei 1942 ilishiriki shambulio la bandari ya Sydney, ikiwa imebeba nyambizi ndogo ya watu wawili. Mwaka uliofuata, chini ya nahodha Toshiaki Fukumura, ikahamia kuwinda meli za mizigo. Ilipoizamisha Fort Mumford, Machi 1943, aliokoka mtu mmoja tu.

Kwa upande wetu, Mombasa ilikuwa imegeuka kitovu cha vita. Baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, Ceylon (Sri Lanka ya leo), Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza lilihamia Kilindini, na madarasa ya shule ya Allidina Visram yakachukuliwa na wataalamu wa kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Kufikia Februari 1944 wataalamu hao walikuwa wamerudi Colombo, lakini askari waliendelea kupakiwa Kilindini kuelekea Ceylon na hatimaye Burma.

Ndivyo Kikosi cha 301 cha Mizinga ya Afrika Mashariki kilivyopanda Khedive Ismail. Meli yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa Misri 1935, na vita vilipopamba moto ikachukuliwa kubeba wanajeshi. Msafara wake, uliopewa jina KR 8, ulikuwa na meli tano za askari, zikilindwa na manowari kubwa Hawkins pamoja na mbili ndogo zenye kasi, Paladin na Petard. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511, na 996 kati yao walisafiri na kikosi cha mizinga.

Jumamosi hiyo, saa nane na ushei mchana, topido mbili ziliipiga. Meli ilizama kabla ya dakika mbili kwisha. Askari waliokuwa vyumba vya chini hawakupata hata nafasi ya kufika ngazini.

Kilichofuata ndicho kinachobishaniwa hadi leo. I-27 ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Paladin ilishusha mashua kuwaokota, lakini Petard ikaanza kudondosha mabomu ya kulipukia chini ya maji, na baadhi ya waliokuwa wakiogelea wakauawa na mabomu ya upande wao wenyewe. Wanaomtetea kamanda wa Petard, Rupert Egan, husema kulikuwa na meli nne nyingine zilizojaa askari, na nyambizi ikiachwa hai ingeweza kuzifuata. Hoja hiyo ina uzito, na mimi naikubali. Lakini aliyekuwa ndani ya maji, akiwa ameng'ang'ania ubao, akaona manowari ya kumwokoa inamjia na mabomu, naye ana haki ya kusikilizwa. Mabomu hatimaye yaliilazimisha I-27 kuibuka. Mizinga ilishindwa kuizamisha. Paladin ilipotaka kuigonga, ilipasuliwa ubavu. Petard ikarusha topido moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza, saa mbili na zaidi baada ya pigo la kwanza.

Waliookoka Khedive Ismail walikuwa wanaume 208 na wanawake sita.

Kitabu kinachotegemewa zaidi kuhusu mkasa huu ni Passage to Destiny cha Brian James Crabb, cha mwaka 1997. Simulizi nyingi za Kiingereza huwakumbuka hasa wanawake 77 waliokufa, wakiwemo wauguzi, na ni haki, kwa sababu Jumuiya ya Madola haijawahi kupoteza wanawake wa huduma za vita wengi kiasi hicho kwa pigo moja. Petard nayo inasifiwa kwa jambo jingine kabisa: Oktoba 1942 mabaharia wake wawili, Tony Fasson na Colin Grazier, walikufa wakitoa vitabu vya siri ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559. Majina yao yanajulikana duniani. Na wapiga mizinga wetu? Hata tukichukulia kwamba wanaume wote 208 waliookoka walikuwa wa kikosi cha 301, bado kikosi hicho kilipoteza watu zaidi ya 780. Nani anaweza kuwataja hata watano? Nairobi ina sanamu ya watu watatu pale Kenyatta Avenue, lakini hiyo ni ya vita vya kwanza. Kuwasahau hawa wa 1944 ni aibu yetu, na hatuwezi kuendelea kuwatupia Waingereza mzigo huo zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru.

Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong, iko Kumbukumbu ya Afrika Mashariki, yenye majina ya askari wasio na kaburi, wakiwemo waliozama na Khedive Ismail. Kutoka Kangemi ni mwendo wa matatu kupitia Kawangware. Walimu wa historia wa upande huu wa jiji, wapelekeni wanafunzi wakayasome. Na wewe ambaye babu yako alikuwa keya, yaani askari wa wakati wa ukoloni, akapelekwa Mombasa mwanzoni mwa 1944 na hakurudi, usiache barua na picha zake zioze sandukuni. Peleka nakala kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, pamoja na jina lake kamili na namba yake ya jeshi.