Safari fupi za umisheni: nani hulipa, nini hubaki, na mwenyeji aulize nini

Huenda umewahi kuwaona. Basi dogo la kukodi linaingia kijijini, wanashuka wageni kumi na wawili wenye fulana za rangi moja, kwaya inawapokea, kuku wanachinjwa. Kwa siku kumi wanapaka rangi darasa, wanacheza na watoto na kusali na usharika. Kisha wanaagana kwa machozi na kuondoka. Makala hii inaeleza safari hizi ni nini, hulipiwaje, na mwenyeji ana haki ya kuuliza nini kabla ya kusema karibu.

Safari fupi ya umisheni ni nini?

Ni safari ya kundi la waumini wanaokwenda nchi nyingine kwa jina la kanisa lao na kurudi baada ya muda mfupi. Nyingi huchukua wiki moja au mbili. Kazi zake za kawaida ni ujenzi, matibabu, mahubiri na kufundisha watoto. Wanaokwenda si wamisionari wa kudumu. Ni wanafunzi, walimu, wauguzi, mafundi na wastaafu wanaotumia likizo zao.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alimzika mke wake na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, lakini akabaki. Alijifunza Kiswahili na kuandika kamusi yake. Safari ya meli ilichukua miezi, hivyo aliyekwenda alikwenda kuishi.

Ndege zilibadilisha hesabu hiyo. Mwaka 1957 kijana wa Kimarekani, George Verwer, na wanafunzi wenzake wawili walikwenda Mexico kugawa vitabu vya dini wakati wa likizo. Mwaka 1960 Mmarekani mwingine, Loren Cunningham, alianzisha shirika la kutuma vijana kwa muda mfupi, linalojulikana kwa kifupi kama YWAM. Kufikia mwaka 2005, mtafiti Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton alikadiria kuwa waumini wa Marekani wapatao milioni 1.6 walisafiri nje ya nchi yao kwa namna hii kwa mwaka mmoja.

Nani hulipa?

Mara nyingi msafiri hujitafutia mwenyewe. Huwaandikia barua ndugu na marafiki, huuza keki, huosha magari, na kanisa huongezea. Fedha hizo hulipia kwanza nauli ya ndege, viza, chanjo, bima, malazi na usafiri wa ndani. Kinachobaki ndicho hununua saruji na bati.

Tufanye hesabu ya mfano. Wageni 12 wakitumia dola 3,000 kila mmoja, jumla ni dola 36,000. Hata kama darasa wanalolijenga ni zuri, sehemu kubwa ya fedha hiyo haikufika kijijini.

Somo la Honduras

Oktoba 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Honduras, Amerika ya Kati, kikaua maelfu ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Makundi ya makanisa kutoka Marekani na Kanada yalikwenda kujenga. Miaka michache baadaye Kurt Ver Beek, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa akiishi nchini humo, alilinganisha nyumba zilizojengwa na wageni na zile zilizojengwa na shirika la Kikristo la wenyeji.

Kwa wastani, nyumba ya wageni, nauli zao zikihesabiwa, iligharimu dola 30,000. Nyumba ya shirika la wenyeji iligharimu dola 2,000. Kwa maneno mengine, fedha ya nyumba moja ingejenga kumi na tano. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2006, haukuona kwamba familia zilizojengewa na wageni zilinufaika zaidi ya zile zilizojengewa na wenyeji. Hata utoaji wa wageni baada ya kurudi kwao uliongezeka kidogo tu.

Wanaotetea safari hizi wana jibu. Wanasema mtu aliyechangia safari ya kijana wa kanisa lake asingechangia nyumba ya mtu asiyemjua. Wanasema pia kwamba kuonana ana kwa ana huzaa urafiki ambao fedha haiwezi kuununua. Jibu hilo lina uzito, ila ni pale tu urafiki unapoendelea baada ya ndege kuondoka.

Mfano wa Iringa

Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ina uhusiano na sinodi ya Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, tangu mwaka 1987. Uhusiano huo unaitwa Bega Kwa Bega. Sharika za pande mbili zimeunganishwa, na kusaidia wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya kazi yao. Wamarekani huja Iringa, na watu wa Iringa nao huenda Minnesota. Hapa ziara ni sehemu moja tu ya uhusiano. Mgeni anakuja kumwona mtu ambaye usharika wake unamfahamu tayari.

Tahadhari kuhusu watoto

Januari 2010, wiki chache baada ya tetemeko kubwa la ardhi nchini Haiti, Wabaptisti kumi wa Kimarekani walikamatwa wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila nyaraka halali. Walisema wanawaokoa yatima. Ikabainika kuwa wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi walio hai, waliowatoa wakiamini watapata shule.

Kwa hiyo mtoto asichukuliwe kwenda popote kwa ahadi ya mdomo, hata kama anayeahidi ameshika Biblia. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri lazima ahusishwe.

Sheria inasemaje?

Kwa Tanzania, viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, hata ya kujitolea bila mshahara. Wamisionari na wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C. Kundi la siku chache liulize Idara ya Uhamiaji mapema kuhusu kibali kinacholifaa. Daktari au muuguzi mgeni hupaswa kusajiliwa kwa muda na baraza la taaluma yake kabla ya kutibu mtu. Dawa kutoka nje huhitaji kibali cha TMDA.

Maswali ya kuuliza kabla

1. Nani amechagua kazi hii, sisi au wao? Kama kijiji kinahitaji maji, kwa nini tupakwe rangi darasa?
2. Fundi wetu atafanya nini wageni wanapojenga? Atalipwa?
3. Pampu ikiharibika mwakani, vipuri vitatoka wapi na nani atalipa?
4. Fedha zitapitia akaunti gani, na nani atawasomea waumini matumizi?
5. Picha za watoto zitatumika wapi, na wazazi wamekubali?
6. Baada ya kuondoka, tutawasiliana na nani?

Kwetu si rahisi kumhoji mgeni. Tunaona haya, na tunaogopa kwamba tukiuliza, msaada utakwenda kijiji cha jirani. Ndiyo maana maswali haya yaulizwe kwa barua, miezi kadhaa kabla ya ziara, na baraza la wazee wa usharika pamoja na serikali ya kijiji, wala asiachiwe mchungaji peke yake au mkalimani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi wenyeji waamue mapema ni shamba lipi linalohitaji kulimwa, ili mgeni akifika aonyeshwe pa kuanzia.