Safari ya Nandi Hills Ianzie Kaburini

Kila baada ya wiki chache, mtu katika kikundi chetu cha WhatsApp hapa Eldoret huuliza swali lilelile: wikendi tunaenda wapi? Majibu yanajulikana. Iten, kwa sababu ya ukingo wa Bonde la Ufa na picha zake. Kisumu, kwa samaki. Na siku hizi, mara nyingi zaidi, Nandi Hills: mji mdogo upande wa kusini, vilima vya majani chai pande zote, ukungu wa asubuhi, na hewa safi hadi unasahau bei ya nauli. Safari hii zamu ya kupanga imeniangukia mimi. Mpango wangu ni mmoja: kwanza kaburi, halafu chai.

Najua inasikika kama kuharibu raha ya watu. Lakini nisikilize kidogo. Wengi wetu tunaenda Nandi Hills tukidhani tunatoka Eldoret na kwenda mahali pengine kabisa. Ukweli ni kwamba miji hii miwili ni ncha mbili za hadithi moja. Bila kilichotokea kule kwenye vilima mwaka 1905, mji tunaouita wetu labda usingekuwa ulivyo.

Tuanze na njia. Kutoka Eldoret unaweza kupita Mosoriot na Chepterit hadi Kapsabet, kama kilomita 45, halafu kama kilomita 20 zaidi hadi Nandi Hills. Au unaweza kupita Lessos. Napendekeza twende kwa njia ya Kapsabet na turudi kwa njia ya Lessos, ili tusione kitu kimoja mara mbili. Tuondoke mapema Jumamosi, kabla ya saa mbili. Vilima vya huko vina tabia yake: asubuhi jua, alasiri mvua. Mwenye viatu vyeupe avifikirie mara mbili.

Sasa, tukiwa ndani ya matatu, kabla hatujatoka mjini, kuna la kusema kuhusu mji wenyewe. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza nyanda za Uasin Gishu, hizi hizi tunazokanyaga, ziwe makao ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya. Mpango ule huitwa Mpango wa Uganda, ingawa ardhi yenyewe iko Kenya ya leo. Wajumbe walitumwa kuikagua, na mwaka 1905 Kongamano la Wazayuni likakataa. Miaka mitatu baadaye, 1908, wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Walishuka Mombasa kwa meli, wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapanda milima kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ardhi ikagawanywa kwa namba. Mji ukaota kwenye shamba namba 64, ndiyo maana wazee wengine bado wanauita Sisibo, kutokana na hiyo "sixty-four". Mwaka 1912 ukapewa rasmi jina la Eldoret, na Agosti 2024 ukawa jiji.

Swali ambalo watu hawaulizi ni hili: kwa nini mwaka 1903 mtu wa London aliweza kuigawa ardhi hii kana kwamba haina mtu? Haikuwa tupu. Wamaasai wa Uasin Gishu waliishi hapa kabla vita vya karne ya 19 havijawasambaratisha, na baada yao Wanandi walilishia mifugo yao kwenye nyasi hizi. Kilichoifanya ionekane tupu ni bunduki. Na hapo ndipo barabara ya kusini inapoanza kuwa na maana.

Kabla ya wakoloni, Wanandi walikuwa na kiongozi wa kiroho anayeitwa orkoiyot, kutoka ukoo wa Talai. Hakuwa mfalme wa kutoa amri kila asubuhi. Alikuwa mtu wa kubariki vita, kusoma nyakati na kuonya. Kimnyole arap Turgat ndiye anayekumbukwa kwa kutabiri nyoka wa chuma atakayetoka baharini akitema moshi na kwenda kunywa maji ziwani. Mwaka 1890, baada ya mikosi kadhaa, watu wake mwenyewe walimlaumu na wakamuua. Miaka kumi na moja baadaye, 1901, reli ikafika Kisumu.

Mwanawe, Koitalel arap Samoei, ndiye aliyeurithi mzigo huo. Waingereza walituma kikosi cha kwanza cha kuwaadhibu Wanandi mwaka 1895, na vingine vikafuata kwa miaka kumi. Wanandi walijua ardhi yao, walijua mvua yao, na walijua thamani ya kile ambacho mgeni alikileta. Waya wa simu ukageuka mapambo. Vyuma vya reli vikageuka silaha. Wahandisi walikuwa wakilala reli ikiwa nzima na kuamka ikiwa na mapengo. Ukisoma taarifa za wakati ule unaona kabisa: watu waliokuwa na dola kubwa kuliko zote duniani walikuwa wamechoshwa na wachungaji wa ng'ombe.

Tarehe 19 Oktoba 1905 ikawa siku ya mwisho. Kapteni Richard Meinertzhagen wa King's African Rifles alikuwa ameomba kukutana na Koitalel ili wazungumze amani. Koitalel alikuja na wenzake. Mkutano haukufika kwenye mazungumzo. Meinertzhagen alimpiga risasi kwa karibu, na askari wake wakawapiga wale waliokuwa naye.

Hapa mbogi nzima iweke simu chini. Tunayajuaje yaliyotokea? Kwa sehemu kubwa, maandishi tuliyo nayo ni ya muuaji. Yeye alisema alijitetea, kwamba ni yeye aliyekuwa amewekewa mtego. Uchunguzi wa kijeshi ulimsafisha, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 alichapisha shajara yake ya Kenya, na kwa muda mrefu waandishi waliinukuu kama vile ni kamera iliyokuwepo pale kilimani.

Lakini Meinertzhagen alikuwa pia mpenzi wa ndege, tena mwenye sifa kubwa. Baada ya kifo chake mwaka 1967, wataalamu walipochunguza mkusanyiko wake wa ndege waliokaushwa, waligundua kwamba mingi ya mizoga hiyo ilikuwa imeibwa kwenye makumbusho na kubandikwa vibandiko vya uongo: mahali pa uongo, tarehe ya uongo. Shajara zake nazo zikatiliwa shaka, kwa sababu kuna kurasa zinazoonekana kupigwa chapa upya miaka mingi baada ya matukio. Fikiria hilo. Mtu anayeweza kudanganya kuhusu mahali alipompata shomoro, tumwamini kuhusu mtu aliyemuua akiwa amemwita kwenye amani? Wazee wa Nandi walikuwa wakisimulia habari ya usaliti tangu mwanzo. Iliwabidi wazungu wakose imani na mwenzao kwa sababu ya ndege ndipo masimulizi ya wazee yaanze kuheshimiwa.

Ndiyo maana nasema kaburi kwanza. Kule Nandi Hills kuna jumba la ukumbusho na makumbusho ya Koitalel Samoei. Si jengo kubwa. Hutapata mitambo ya kisasa wala mgahawa wa kahawa ya kupambwa. Lakini kuna jambo la kuuliza ukifika. Baada ya mauaji, Meinertzhagen alibeba vitu vya Koitalel kwenda Uingereza. Mwaka 2006 baadhi yake, ikiwemo fimbo na rungu, vilirudishwa Kenya kutoka kwa familia yake. Miaka mia moja na moja kwa fimbo ya mzee kurudi nyumbani. Na wazee hawajanyamaza: wanashikilia kwamba kichwa cha Koitalel nacho kilikatwa na kupelekwa Uingereza, na wanadai kirudishwe. Ukimkuta mzee hapo, msalimie kwanza. "Chamgei" inatosha kufungua mlango. Halafu mwache aongee. Usimrekodi bila kumwomba.

Baada ya hapo twende kwenye chai, na nakuahidi hutaiona kama ulivyozoea kuiona. Baada ya 1905 Wanandi walihamishwa kutoka maeneo yaliyo karibu na reli na kubanwa ndani ya hifadhi. Miaka miwili mitatu baadaye, magari ya Makaburu yakawa yanapanda kuja huku kwetu Uasin Gishu. Mwaka 1920 hata sehemu ya hifadhi yenyewe ilikatwa, upande wa Kaimosi na Kipkarren, wakapewa wanajeshi wazungu waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1923 Wanandi walipanga Saget ab Eito, sherehe kubwa ya kukabidhi uongozi kwa rika jipya. Serikali iliingiwa na hofu kwamba ni maandalizi ya vita, ikaipiga marufuku na kumkamata mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei. Aliachiliwa mwaka 1964. Hesabu mwenyewe. Miaka zaidi ya 40, zaidi ya aliyofungwa Mandela, na bado ukiuliza watu kumi pale stendi ya matatu, sijui wangapi watakuambia jina lake.

Kwa hiyo ule ukijani unaopendeza kwenye picha si wa asili. Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru, na ilipofika kwenye vilima hivi ilipandwa juu ya ardhi iliyokuwa imeshasafishwa watu. Mistari ile iliyonyooka ni kama maandishi. Inasema nani aliondolewa, nani aliletwa kuchuma, na faida ilienda wapi. Leo wakulima wadogo wa Nandi nao wana chai yao, lakini mashamba makubwa mengi bado ni ya makampuni. Ukitaka kupiga picha ndani ya shamba la kampuni, omba ruhusa kwanza.

Na kuna sehemu ngumu zaidi, ambayo singependa turuke. Mwaka 1969 mbunge Jean-Marie Seroney alitoa Azimio la Nandi Hills, akidai kwamba ardhi ile ni ya Wanandi na kupinga kugawiwa watu kutoka nje. Alishtakiwa kwa uchochezi na kutozwa faini. Kikundi chetu kina Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na Mjaluo mmoja anayedai ana bibi Mnandi. Azimio lilelile, mmoja wetu atalisikia kama kilio cha haki, na mwingine atalisikia kama tishio kwa wazazi wake. Sisi wa Eldoret tunajua kwa nini. Mwanzoni mwa 2008 mji huu uliungua, na watu waliokimbilia kanisani Kiambaa walichomwa humo ndani.

Kwa muda mrefu tumetatua jambo hili kwa kunyamaza. Tunaenda mahali pazuri, tunakula nyama, tunarudi, na hakuna aliyetaja ardhi. Sioni kama ukimya umetusaidia. Historia isiyozungumzwa na marafiki huzungumzwa na wanasiasa, na wao huichagua vipande. Watakutajia 1905 bila kutaja kwamba aliyechukua ardhi alikuwa serikali ya kikoloni, wala si jirani yako aliyenunua ekari mbili mwaka 1978. Au watakutajia 2008 bila kutaja dhuluma iliyokaa miaka mia bila fidia. Vyote viwili ni kweli, na vyote viwili vinaweza kuingia kwenye matatu moja yenye viti 14.

Basi mpango wangu ndio huu. Jumamosi: Kapsabet kwa chai na mandazi, Nandi Hills kabla ya adhuhuri, makumbusho, kisha mashamba kabla mvua haijashuka. Usiku tulale pale pale. Nyumba za wageni zipo, na usiku kuna baridi kali, kwa hiyo beba sweta. Jumapili tutembee polepole, tununue mursik kwa anayependa, turudi kwa Lessos. Mwenye nafasi na apange kwa mwezi wa Oktoba. Siku ya kifo cha Koitalel ni tarehe 19, na Siku ya Mashujaa ni tarehe 20. Taifa zima linapumzika siku moja tu baada ya ile aliyouawa, na wengi hawajui hivyo.

Tutakapoanza kuiona Eldoret tukirudi, maghorofa yakijitokeza juu ya nyanda, nitawaomba kila mmoja aseme jambo moja tu: ardhi ambayo nyumba ya kwao imesimama, ilikuwa ya nani mwaka 1900? Hakuna wa kulazimishwa kujibu. Lakini nadhani mazungumzo hayo yatatufikisha hadi mjini, na huenda yakaendelea Jumatatu kazini.