Dalili, Ushahidi Na Bayyinah: Maana Na Matumizi Yake



Ndugu zetu katika imani, mara nyingi tunaona watu wawili wakibishana, mmoja anataka dalili na mwengine anataja mashahidi, na kila mmoja anaamini mwenziwe hana hoja. Kiswahili kimeyapokea maneno haya kutoka Kiarabu kisha kikayatumia kwa njia yake. Tofauti hiyo ingekuwa ndogo lau isingeingia kwenye madeni na mirathi ya watu.

Dalili

Asili ya neno ni kitu kinachoongoza. Waarabu humwita daliyl hata mtu anayewaonesha wasafiri njia. Kwetu sisi dalili ni ishara: dalili ya mvua, dalili za homa. Ama kwa wanavyuoni wa Fiqhi, dalili ni kile kinachomfikisha mtu kwenye hukumu ya kisheria, na asili zinazotegemewa ni nne: Qur-aan, Sunnah, Ijmaa’ na Qiyaas. Imaam ash-Shaafi’iy (aliyefariki mwaka 204 H), ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi visiwani, ameieleza misingi hii katika kitabu chake ar-Risaalah.

Kwa hiyo anayemuuliza sheikh dalili ya jambo hamvunjii heshima; anauliza hukumu imetoka wapi. Ujumbe wa simu wenye picha ya Ka’bah na agizo la kuwatumia watu kumi si dalili. Ndoto nayo si dalili ya hukumu, hata akiota mcha Mungu.

Ushahidi

Hili linatokana na kuhudhuria na kuona. Shahidi anasema alichokiona kwa macho yake au kukisikia kwa masikio yake, si alichohadithiwa barazani. (Kiswahili kimelibebesha neno shahidi maana nyengine pia, ya aliyeuawa katika njia ya Allaah, mazungumzo yenyewe ndiyo hubainisha.)

Idadi ya mashahidi haiwi moja kwa kila jambo. Tuhuma ya zinaa inataka wanne, na anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi asiwalete, adhabu yake ni mijeledi thamanini, kama ilivyo katika Suratun-Nuur Aya ya 4. Wangapi miongoni mwetu wanaoneza habari kama hizo kwa ujumbe wa sauti, bila hata shahidi mmoja! Mwezi mwandamo wa Ramadhaan, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shaafi’iy, unathibiti kwa muadilifu mmoja, kwa Hadiyth ya Ibn ‘Umar (Radhiya Allaahu ‘anhumaa), wa Shawwaal unataka wawili. Kama mwandamo wa nchi ya mbali unatulazimu sisi au la, hilo ni suala jengine.

Deni ndilo linalotuumiza zaidi. Aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-aan, inaelekeza deni la muda liandikwe na washuhudie wanaume wawili, au mwanamme mmoja na wanawake wawili. Hata hivyo kwetu mtu anaona haya kumwandikisha ndugu yake, kana kwamba anamshuku. Aya inawahutubia walioamini, watu wanaoaminiana, na inaeleza kuwa kuandika huko kunaondoa shaka. Anayeandika anawalinda pia watoto wa mkopaji, kwani wao ndio watakaodaiwa baba yao akishazikwa.

Bayyinah

Bayyinah ni kinachobainisha. Ndilo jina la Sura ya 98. Mafuqahaa wengi wameitumia kwa maana ya mashahidi. Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 H), katika at-Turuq al-Hukmiyyah, ameipanua: kwake ni kila kinachoidhihirisha haki, na humo zinaingia qariynah, yaani ishara za mazingira. Mfano unaojulikana umo katika Suratu Yuusuf. Kanzu iliyochanika kwa nyuma ilimsafisha Nabii Yuusuf (‘alayhis-salaam). Lakini katika Sura hiyo hiyo ndugu zake walileta kanzu yenye damu ya uongo, na wafasiri wametaja kuwa haikuwa na mchaniko wa meno ya mbwamwitu. Qariynah hutengenezwa pia. Ndivyo tunavyoziangalia picha na ujumbe wa simu: vinasaidia, lakini vinahitaji kuthibitishwa.

Nani alete?

Kanuni imo katika Hadiyth ya 33 ya Arubaini za Imaam an-Nawawiy: bayyinah ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekanusha. Tuchukue mtu anayesimama baada ya maziko na kusema marehemu alimpa shamba la mikarafuu kwa mdomo. Anayedai ni yeye, basi yeye ndiye atakiwaye bayyinah, si wajane na mayatima. Tena katika madhehebu yetu hiba haikamiliki bila ya kukabidhiwa. Ikiwa marehemu aliendelea kulichuma na kuliuza zao lake kama mali yake mpaka anafariki, kauli ya mdomo haitoshi. Akiwa na shahidi mmoja tu, katika mambo ya mali huweza kukubaliwa pamoja na kiapo chake. Akikosa bayyinah, warithi huapa kuwa hawajui kutolewa hiba hiyo. Wakikataa kuapa, kiapo humrudia yeye.

Naye Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), katika Hadiyth ya Ummu Salamah (Radhiya Allaahu ‘anhaa) iliyopokewa na al-Bukhaariy na Muslim, ametahadharisha kuwa huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kutoa hoja, akahukumiwa haki ya ndugu yake, na alichopewa kikawa ni kipande cha moto. Kwa hiyo aliyeshinda kwa Kadhi kwa mashahidi wa uongo, shamba lile si halali yake, na anawajibika kulirejesha kwa warithi pamoja na mazao aliyoyachukua.

WaLlaahu A’lam.