Langalanga 2007: Pointi 17 zilivyoyeyuka ndani ya wiki mbili

Zikiwa zimesalia mbio mbili kumaliza msimu wa 2007 wa mashindano ya dunia ya magari ya Langalanga, yaani Formula One, Mwingereza Lewis Hamilton alikuwa kileleni kwa pointi 107. Mhispania Fernando Alonso, bingwa wa 2005 na 2006 na mwenzake katika timu ya McLaren, alikuwa na 95. Kimi Räikkönen wa Finland, dereva wa Ferrari, alikuwa na 90.

Wakati huo mshindi alipata pointi 10, wa pili nane, wa tatu sita, kisha tano, nne, tatu, mbili, hadi moja kwa wa nane. Räikkönen, hata kama angeshinda mbio zote mbili, angefikisha 110 tu. Kumzuia, Hamilton alihitaji pointi nne, yaani kumaliza wa tano mara moja. Kijana huyo wa miaka 22, akiwa katika msimu wake wa kwanza, alikuwa amemaliza ndani ya tatu bora katika mbio zake tisa za mwanzo. Ni wachache waliodhani angeshindwa.

Oktoba 7, mjini Shanghai, mvua ilinyesha kisha njia ikaanza kukauka. Matairi ya Hamilton yalilika hadi nyuzi zikaonekana, lakini timu ilichelewa kumwita. Alipokuja hatimaye kuyabadilisha, gari liliteleza kwenye kona ya kuingilia na kunasa katika kokoto. Räikkönen alishinda, Alonso akawa wa pili.

Mkuu wa McLaren, Ron Dennis, alieleza baadaye kuwa hawakuwa wakishindana na Räikkönen, bali na Alonso. Kauli hiyo inaeleza mengi. Madereva hao wawili hawakuelewana tangu Agosti, pale Hungary, Alonso alipomzuia Hamilton wakati wa kusaka nafasi za kuanzia na kuadhibiwa kurudishwa nyuma nafasi tano. Septemba, timu yao ilitozwa faini ya dola milioni 100 na kunyang'anywa pointi zote za watengenezaji kwa kupatikana na siri za Ferrari, ingawa madereva waliachiwa pointi zao. Walikuwa wameshinda mara nne kila mmoja. Kwa hesabu za ubingwa, ushindi wa mmoja ulikuwa hasara ya mwenzake.

Wafuatiliaji wa zamani walikumbuka mwaka 1986. Nigel Mansell na Nelson Piquet wa timu ya Williams walifika mbio za mwisho mjini Adelaide wakiwania taji pamoja na Mfaransa Alain Prost wa McLaren. Tairi la Mansell lilipasuka, Piquet akaitwa kubadilisha yake kwa tahadhari, na Prost akaondoka na ubingwa.

Oktoba 21, katika njia ya Interlagos mjini São Paulo, Hamilton alianza akiwa na 107, Alonso 103 na Räikkönen 100. Katika mzunguko wa kwanza Hamilton alijaribu kumpita Alonso, akatoka nje ya njia na kushuka hadi nafasi ya nane. Muda mfupi baadaye gia zikagoma. Gari likapoteza mwendo kwa zaidi ya nusu dakika, na alipopata gia tena alikuwa wa 18. Mbele, Felipe Massa, akiwa nyumbani kwao na asiye tena na matumaini ya taji, aliongoza hadi kituo cha pili cha mafuta, ambapo Räikkönen alimtangulia. Alonso alimaliza wa tatu, Hamilton wa saba.

Räikkönen alipata 110, Hamilton na Alonso 109 kila mmoja. Hamilton aliwekwa nafasi ya pili kwa sababu alikuwa na nafasi za pili tano dhidi ya nne za mwenzake.

Hata hapo mambo hayakuisha. Magari ya Williams na BMW, yaliyomaliza ya nne, ya tano na ya sita, yalichunguzwa kwa madai kwamba mafuta yake yalikuwa baridi kuliko ilivyoruhusiwa. Kama yangeondolewa, Hamilton angepanda hadi nafasi ya nne na kuwa bingwa kwa pointi 112. Wasimamizi wa mbio hawakutoa adhabu, McLaren ikakata rufaa, na Novemba 2007 mahakama ya rufaa ya shirikisho la magari, FIA, iliitupilia mbali. Hamilton alitwaa taji lake la kwanza mwaka uliofuata, katika njia hiyo hiyo ya Interlagos, akimzidi Massa kwa pointi moja.