Uonevu na Ukimya katika Shule za Bweni za Kenya

Viranja waliingia Kenya pamoja na shule za bweni za wamisionari. Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na nyingine zilizoifuata ziliiga shule za bweni za Uingereza, ambako wanafunzi wakubwa walikabidhiwa wadogo wawasimamie. Mwalimu alibaki na darasa. Bweni, bafu, foleni ya chakula na usiku mzima vikawa mikononi mwa kiranja. Mpangilio huo, kuliko woga wa mtoto yeyote, ndio ulioamua ni malalamiko gani yangemfikia mwalimu.

Mgeni wa kidato cha kwanza, aliyeitwa mono, alipokewa kwa mateso yaliyogeuka mila. Aliamriwa apime urefu wa bweni kwa njiti ya kiberiti, afue soksi za wakubwa, au aingie chini ya kitanda "aendeshe gari" huku akinguruma. Sukari na mkate wa sandukuni mwake vililiwa na wengine. Akitaka kushtaki, utaratibu ulimtaka aanze kwa kiranja wa bweni, ndipo habari ipande hadi kwa mwalimu wa zamu. Huenda kiranja huyohuyo ndiye aliyeula mkate. Na hata kama hakuhusika, aliyeshtaki alirudi kulala bweni lilelile, taa zikazimwa, na sifa ya uchongezi ikamwandama miaka yote ya shule.

Watu wazima nao waliufunga mlango. Walimu waliopitia mateso hayo utotoni waliyahesabu kuwa sehemu ya kukomaa, na mtoto aliyelia aliambiwa ajikaze. Wazazi waliohangaika kupata nafasi katika shule yenye jina hawakutaka kuihatarisha kwa ugomvi. Mono mwenyewe alijua kwamba mwakani watakuja wageni wengine na zamu yake itakuwa imepita. Matumaini hayo mabaya yaliwanyamazisha wengi.

Palikuwa na njia nyingine. Shule ya Starehe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, iliweka baraza ambamo wanafunzi waliuliza na kulalamika mbele ya mkurugenzi mwenyewe, bila kupitia kwa kiranja.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliondoa vidato vya tano na sita na kupunguza pengo la umri bwenini, ila mamlaka ya viranja hayakuguswa. Chuki dhidi yao ilijitokeza kwa namna ya kutisha Mei 1999, wanafunzi wa Nyeri High School walipowachoma moto viranja wanne chumbani mwao. Viboko vya walimu vilipigwa marufuku mwaka 2001. Mwaka 2009 serikali ilianza kuhimiza mabaraza ya wanafunzi ya kuchaguliwa kwa kura, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu za kimwili na mateso ya kiakili. Hata hivyo, mwaka 2017 ilibidi madai ya uonevu Alliance yafike magazetini ndipo wizara ikachunguza na mwalimu mkuu akastaafu mapema.

Nje ya shule, Childline Kenya hupokea malalamiko bila malipo kwa nambari 116. Lakini wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi simu, kwa hiyo wengi wao huweza kuipiga likizoni tu.